Mkuu wa Mashine na Hesabu Yake ya Jumapili

Walisema sitapata pasipoti. Nilipoipata, wakasema njaa ya Uhindini itanirudisha kabla mvua za vuli hazijaanza. Nilipomaliza mwaka wa kwanza, wakasema diploma za huko zinauzwa sokoni kama viazi. Nilirudi Nyeri na diploma ya kompyuta, karatasi halisi yenye muhuri, nimevaa koti ambalo kijiji chetu kizima cha Gakindu hakikuwa kimeona mfano wake, na hapo wakasema sawa, karatasi anayo, lakini kazi hapati. Niliipata kabla mwezi haujaisha.

Natanguliza haya ili msomaji ajue anasoma maneno ya nani. Sikubebwa na mjomba wala mbunge. Nilijitengeneza kwa mikono yangu, na kila walichosema sitaweza nilikiweza, isipokuwa kimoja kilichonichukua miaka: kumfanya Mkuu wa Mashine akiri kwa kinywa chake kwamba alikosea, nami nilikuwa sahihi.

Jina lake sitalitaja, na si kwa sababu ya heshima. Tulipatana nisilitaje, na mimi nikipatana na mtu natimiza. Alikozaliwa na ukoo wake havinihusu. Nitamwita kama alivyoitwa na ushirika mzima wa maziwa ulioniajiri, kuanzia mwenyekiti hadi wapakuzi wa magunia: Mkuu wa Mashine, au Mkuu tu.

Ofisi za ushirika zilikuwa mjini Nyeri, katika jengo la mawe. Chini kulikuwa na ghala la chakula cha ng'ombe, juu ofisi, na mwisho wa ukumbi wa juu chumba cha mashine, ufalme wake. Aliyeingia humo alivua viatu. Mwenyekiti alivua. Mkaguzi mmoja kutoka Nairobi alivua pia, soksi yake ikiwa na tundu, na Mkuu akalikodolea macho lile tundu mpaka mkaguzi akakunja vidole vya mguu kwa aibu. Hakuna aliyethubutu kucheka. Tulicheka baadaye, chini ghalani.

Alivaa koti jeupe la daktari alilolipiga pasi mwenyewe. Funguo zake zilining'inia kiunoni kwa mnyororo. Juu ya sava, ile mashine kuu, alitandika kitambaa cha kufuma chenye maua, kama vile mama zetu wanavyotandika juu ya redio na migongo ya viti. Mke wake ndiye aliyekifuma. Wiki yangu ya kwanza nilimwambia kwamba mashine hutoa joto, na kwamba kitambaa kinaizuia kupumua.

"Baridi ya Nyeri unaijua?" akaniuliza mbele ya makarani. "Ama huko Uhindini walikutoa damu yote ya mlimani?"

Wakacheka. Wao walipewa mshahara kwa kuandika kilo za maziwa na kucheka alipotaka wacheke.

Alikuwa na neno lake moja kwangu. Kila nilipofungua mdomo, alikunja uso kama mtu aliyeonja maziwa yaliyolala na kusema, "Ati diploma." Basi. Halafu anaendelea na kazi yake, kama kwamba nilichosema kimekwisha jibiwa. Nilimsikia akisema hivyo kwenye simu, kwenye ngazi, na mara moja hata baada ya kuombea chakula kwenye sherehe ya ofisi.

Nitasema pia mazuri yake. Sipendi kuyasema, ila ni kweli. Hakuwahi kuchukua kitu cha ushirika, hata karatasi ya kufungia sukari. Wanachama aliwajua kwa namba zao kuliko kwa majina, na sokoni Karatina aliwasalimu hivyo hivyo: "Mia nne na saba, yule ng'ombe amepona?" Nao walifurahi, kwa kuwa mkubwa wa ofisi amewakumbuka. Mjane mmoja wa Othaya alikuwa akikosa kilo zake kwa sababu ziliandikwa kwa shemeji yake. Mkuu alikwenda huko mwenyewe siku ya mapumziko, akakaa jikoni kwa yule mama, akauliza maswali hadi akapata kosa lilipoingilia. Hakutaka shukrani. Mtu yule yule aliyetembea matopeni kwa ajili ya kilo za mjane hakuweza kupiga hatua moja ukumbini kutazama alichoonyeshwa na kijana. Sijawahi kuelewa vitu hivyo viwili vilikaaje katika kifua kimoja.

Sasa nieleze mashine ilivyofanya kazi. Nitaeleza polepole, nimezoea kuwaeleza wakulima na wakurugenzi, na wote huelewa.

Maziwa ya wiki yaliandikwa katika jedwali moja la hifadhidata. Mwanachama alipofika ghalani kuchukua chakula cha ng'ombe kwa kukatwa kwenye maziwa yake, karani alipiga namba yake, na mashine kule juu ikajibu ameleta kilo ngapi wiki hiyo. Jumatatu jibu lilikuja kabla mtu hajashusha gunia begani. Jumatano alipata nafasi ya kumsalimu jirani na kuuliza habari za shamba. Ijumaa foleni ilitoka ghalani, ikavuka geti, ikafika kwa wachoma mahindi, na wachoma mahindi walijua hivyo kuliko sisi: Ijumaa waliongeza makaa.

Jumamosi alasiri Mkuu aliyahamisha maziwa ya wiki kwenye jedwali kubwa la zamani, na jedwali la wiki likabaki tupu. Jumapili alfajiri, kabla ya ibada, alifika amevaa suti, Biblia kwapani, kwa maana alikuwa mzee wa kanisa. Alivua viatu. Aliiamuru mashine ihesabu majedwali yake yote, kisha akaizima, akatandika kitambaa na kwenda kanisani. Jumatatu mashine ilikimbia kama mbuzi aliyefunguliwa.

"Mnaona?" alituambia kila Jumatatu. "Mashine ni kama ng'ombe wa maziwa. Ukimkamua bila kumpumzisha, Ijumaa atakupa nini? Siku ya Bwana ni ya kila kitu."

Na kila Jumatatu ilionekana amesema kweli. Hilo ndilo lililoniuma. Ushahidi wote ulikuwa upande wake.

Lakini mimi nilisomea kazi hii. Hifadhidata ya namna ile haitafuti kitu kwa kubahatisha. Kabla ya kutafuta, inatazama takwimu ilizonazo: jedwali hili lina mistari mingapi, ni kubwa kiasi gani, lilihesabiwa lini mara ya mwisho. Ikiambiwa jedwali ni dogo, inalisoma lote kutoka juu hadi chini, kwani ukurasa mmoja una haja gani na faharasa? Ikiambiwa ni kubwa, inapitia faharasa na kwenda moja kwa moja mahali penyewe. Takwimu hizo mtu anaweza kuzitazama. Ni swali la mstari mmoja tu, na halibadilishi chochote, kama vile kutazama saa hakuibadilishi saa. Sijui ni wangapi kuanzia Nyeri hadi Meru waliojua kuliuliza wakati huo. Mimi nilijua.

Alhamisi moja, Mkuu alipokwenda kunywa chai, nililiuliza. Jedwali la maziwa ya wiki, mistari: sifuri. Lilihesabiwa: Jumapili.

Wakati huo huo maelfu ya mistari yalikuwa yamejaa humo. Mashine ilikuwa imehesabishwa siku pekee ambayo jedwali ni tupu, na wiki nzima ikaamini ni tupu. Kila karani alipouliza kilo za mtu mmoja, ililisoma jedwali lote tangu mwanzo, na kadiri maziwa yalivyoongezeka ndivyo ilivyokawia. Haikuwa imechoka hata kidogo. Nilicheka kwa sauti, peke yangu, bila viatu.

Mkuu aliporudi nilimwonyesha.

"Mkuu, tuhesabu Jumatano. Ama tuhesabu Jumamosi kabla hujahamisha maziwa."

"Nihesabu watu wakiwa kazini?"

"Ni dakika chache tu."

"Ati diploma. Kijana, hii mashine niko nayo tangu ikiwa kwa sanduku. Wewe uko na miezi mingapi hapa?"

"Takwimu zinasema sifuri, Mkuu. Tazama mwenyewe."

Akavaa miwani, akainama, akatazama. Nilidhani nimemshika. Akanyooka taratibu.

"Ni kweli," akasema. "Jumapili hakuna maziwa. Sifuri ni sawa. Unataka mashine iandike uongo?"

Mtu akikosea kwa kusema uongo unamsahihisha, lakini huyu alikosea kwa kusema kweli.

Kesho yake ilikuwa Ijumaa ya mwisho kabla ya Krismasi, na kila mwenye ng'ombe alitaka chakula cha sikukuu nzima. Saa nne mashine ilikwama kabisa. Foleni ikageuka umati, umati ukapanda ngazi. Mkuu akatoka barazani na koti lake jeupe, akainua mkono.

"Wanachama, poleni sana. Mashine yenu iko na shida kwa sababu imeguswa. Jana, nikiwa nje, huyu kijana ameigusa bila ruhusa."

"Nani? Huyu wa Uhindi?"

"Si huyu ni mtoto wa pale Gakindu! Mamake ndiye hushika ufunguo wa kituo chetu!"

"Ndiyo maana anatembea kama amemeza fimbo!"

Nilifukuzwa alasiri hiyo hiyo. Nilipofika nyumbani, habari zilikuwa zimenitangulia, na zilikuwa zimekua njiani. Ati nimeunguza mashine. Ati nimefuta maziwa ya watu. Mama yangu alikuwa amefungua kituo cha maziwa cha Gakindu kila alfajiri tangu nikiwa shule ya msingi. Walikuja wanawake wa kamati yake mwenyewe, watu aliokaa nao benchi moja kanisani, wakamwomba ufunguo. Aliutoa. Toka siku hiyo wakamwita Mama Diploma, na hawakumaanisha sifa.

Hilo ndilo sikuwahi kumsamehe Mkuu. Kazi nilijua nitapata nyingine. Mama yangu alipita sokoni kila wiki akiitwa kwa aibu ambayo haikuwa yake wala yangu, na mtu mmoja tu duniani angeweza kuiondoa. Mimi nikisema sikuharibu, nani angeniamini? Ilibidi itoke kwake.

Nilikwenda Nanyuki. Nilianza na shamba la maua upande wa Timau, ambako hesabu za maua ya kusafirishwa zilikuwa zikichukua asubuhi nzima kutoka. Nilitazama takwimu za majedwali yao, nikazirekebisha, na kufikia chakula cha mchana meneja alikuwa akiniita bwana. Shamba likaleta shamba, mashamba yakaleta mahoteli. Leo bango la kampuni yangu linaonekana ukiingia mjini kutoka upande wa Nyeri, na nililiweka upande huo makusudi. Kila asubuhi, kabla ya chai, natazama takwimu za majedwali ya wateja wangu wote, kama mkulima anavyotazama mlima kujua kama kutanyesha. Hakuna mteja wangu aliyewahi kuiona foleni kabla sijaiona mimi.

Miaka ikapita, Mkuu akastaafu. Ushirika ukapata mwenyekiti mpya, mwanamke aliyekuwa mwalimu mkuu, hodari, asiye na muda wa hadithi. Akanipigia simu. "Ijumaa zinatuua," alisema. "Nimeambiwa wewe ndiye unayejua."

Nilirudi kwa gari langu mwenyewe na nikaingia chumba kile na viatu vyangu. Kitambaa cha maua kilikuwa bado juu ya mashine, ingawa mashine ilikuwa mpya. Hata hesabu ya Jumapili ilikuwa bado hai: Mkuu aliipanga ijiendeshe yenyewe kabla hajaondoka, na waliomfuata waliogopa kuigusa. Nililiuliza swali langu la mstari mmoja mbele ya kamati nzima. Maziwa ya wiki: sifuri. Lilihesabiwa: Jumapili. Ilikuwa Alhamisi, saa sita mchana, na chini yetu tulisikia kelele za foleni.

Nikahesabu. Punde karani akapaza sauti kutoka ghalani: "Mmefanya nini huko juu? Imejibu hata sijatoa kidole!"

"Shida ilikuwa nini?" mwenyekiti akauliza.

"Nitaeleza kwenye mkutano mkuu," nikasema. "Mbele ya wanachama wote."

Nilijua ninachofanya. Katika mkutano ule Mkuu wa Mashine alikuwa apewe mtamba kwa utumishi wake, na picha yake itundikwe ukumbini. Nilitaka aketi mbele, amevaa suti ile ya Jumapili, halafu nisimame.

Siku chache kabla ya mkutano alikuja ofisini kwangu Nanyuki. Nilimtambua kwa sauti kabla sijamwona. Nilimwacha akae na karani wangu wa mapokezi mpaka nikamaliza chai, na kikombe kilikuwa kikubwa. Alipofika mlangoni kwangu aliona mashine ukutani, na bila kufikiri akainama, akaanza kufungua kamba za viatu. Alikuwa amekonda, na mgongo ulimsumbua. Sikumzuia.

"Kijana," akasema aliponyooka.

"Mkurugenzi."

Akarudia: "Mkurugenzi. Nasikia utaongea Jumamosi."

"Nitaongea."

"Wajukuu wangu watakuwa hapo."

"Mama yangu pia amekuwa hapo, Mzee. Sokoni, kanisani, miaka yote. Wanamwita Mama Diploma."

Akatazama soksi zake. "Lakini takwimu zilikuwa za kweli," akasema polepole.

"Za kweli Jumapili. Watu walikuja Ijumaa."

Akatikisa kichwa kukubali, kama mtu anayekubali bei. Kisha akasema neno ambalo sikulitegemea.

"Nilijua baadaye."

"Lini?"

"Januari. Ulikuwa umeshaenda. Nilihesabu Ijumaa moja, peke yangu, nione tu."

"Ikawaje?"

"Ikakimbia."

"Na ukairudisha Jumapili?"

"Ningewaambia nini watu? Nimesimama barazani, nimekusema mbele ya wanachama wote. Wangeona Ijumaa inakimbia, wangeuliza ni nani amefanya." Alipangusa uso kwa kiganja. "Nikaona afadhali ikae pole pole."

Foleni zote zile. Wazee waliosimama kwenye jua na mvua kila Ijumaa, mwaka baada ya mwaka, ili yeye asionekane. Ningeweza kumtoa nje kwa kola. Badala yake nilimpa sharti.

"Utakwenda Gakindu. Utamwambia mama yangu kwa mdomo wako kwamba sikuharibu mashine. Kwamba nilikuonyesha, ukakataa. Na hiyo ya Januari utaisema pia, yote."

"Nikisema, Jumamosi utanyamaza?"

"Nitawaeleza kosa. Jina lako halitatoka kinywani mwangu."

"Na mtamba?"

"Chukua mtamba."

Kesho yake nilimpeleka mwenyewe. Njiani kutoka Nanyuki kwenda Gakindu, tulipofika Karatina aliniomba tusimame anunue mkate na sukari, kwa sababu haendi kwa mtu mikono mitupu. Nilisimama. Mama alikuwa akikata majani ya ng'ombe. Alinawa mikono, akampokea mkate, akamketisha, akawasha moto. Jikoni nilimweleza kwa kifupi mgeni ni nani na amekuja kusema nini, Januari pia. Alikoroga chai muda mrefu.

Alipomimina, Mkuu akaweka kikombe chini na kusafisha koo.

"Mama," akaanza, "mimi nimekuja hapa kwa sababu..."

"Ngoja kidogo, Mzee," mama akasema. "Kunywa chai."

Akatoka. Nilimsikia akiwa kwenye ua wa miti, sauti yake ikipasua shamba la kahawa.

"Mama Njeri! Kuja hapa! Kuja na Mama Muthoni! Na umtume mtu kituoni amwite Mama Wachira, mwambie aache makopo, Mama Diploma ana mgeni!"

Walikuja wakipangusa mikono kwenye leso, kamati nzima, na wengine ambao hawakuitwa. Mama alitoa viti vyote nje uani, akawapa wanawake. Havikutosha, kwa hiyo Mkuu wa Mashine alibaki amesimama, kofia mkononi. Niliegemea gari langu. Mama aliketi katikati yao, akajifunga kitambaa chake vizuri kichwani, akaweka mikono magotini.

"Sasa, Mzee," akasema. "Anza na ile Ijumaa ya Januari. Na uongee kwa sauti, Mama Wachira hasikii vizuri."